Jina la Kundi na Jina la Pembeni: Muziki wa Kampala Usiopita Mlango wa Mbele

Zamu ya kuandika iko kwetu wa upande wa muziki, na tutaandika juu ya swali ambalo dada zetu wapenzi wa K-pop walilileta na likakataa kuisha: mtu wa kundi akirekodi peke yake, nje ya mpango wa kundi, ile kazi ni ya nani? Tena inahesabika, ama ni mchezo tu?

Wao walikuja na mfano mkononi. BTS walitoka rasmi Juni 2013, vijana saba, chini ya kampuni ambayo wakati ule ilikuwa ndogo. Katikati ya albamu za kundi, watatu kati yao walitoa kazi zao wenyewe: RM mwezi Machi 2015, Suga Agosti 2016, J-Hope Machi 2018. Hazikuitwa albamu. Ziliitwa miksitepu, yaani mkusanyo ambao msanii anauachia tu, watu wanapakua bure, na kwenye hesabu ya albamu za kundi haumo. Suga hata jina alibadilisha, akajiita Agust D. Lisome kinyumenyume utakuta Suga, na mbele yake herufi DT za mji alikotoka, Daegu. Humo ndani alizungumza juu ya huzuni nzito na woga wa kukaa na watu, mambo ambayo wimbo wa watu saba wanaocheza kwa pamoja haubebi kirahisi. Na ile ya J-Hope, Hope World, ingawa watu waliipata bure, ilipanda mpaka nafasi ya 38 kwenye chati ya albamu ya Billboard kule Marekani.

Dada zetu wakaona kesi imekwisha. Sisi tukawaambia hapana, mmeanzia mbali mno. Jambo hilo liko hapa kwetu kabla ya wale vijana kuzaliwa, ila hakuna aliyeliita miksitepu.

Tuanze na Mkongomani mwenzetu. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alitoka Kinshasa miaka ya 1970 akashika njia ya mashariki. Kampala alipiga na bendi ya Les Kinois, wakati wa Amin, halafu mwaka 1977 wakahamia Nairobi. Huko ndiko baadaye alikoanzisha Orchestra Virunga, bendi yenye jina la ile milima ya moto ambayo wengi wetu tumekua tukiiangalia kutoka Goma. Mnaona njia yenyewe? Kinshasa, mashariki, Kampala, mbele. Sisi si wa kwanza kuipita, na wale waliopita kabla yetu hawakubeba jina moja safari nzima.

Nairobi ya wakati huo mambo ya majina yalikuwa biashara kamili. Angalieni Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter na George Peter Kinyonga. Nyimbo za George zilikuwa zinatoka kwenye sahani za santuri kwa jina lingine, Orchestra Jobiso. Kwa msikilizaji wa redio ni bendi mbili. Studioni ni watu wale wale, magitaa yale yale. Mwaka 1978 wengine wakatoka kabisa wakaunda Les Wanyika, wakatamba na Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini wazee wanaacha sahani ya chakula na kusimama. Kwa hiyo jina la pembeni si ujanja wa intaneti. Ni dawa ya zamani ya mwanamuziki ambaye ana nyimbo nyingi kuliko nafasi aliyopewa.

Sasa turudi Kampala, na hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo swali lenyewe linapinda.

Baganda wana marimba inaitwa amadinda. Ina vipande 12 vya mti na inapigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, anapiga mstari wake. Wa pili, omwawuzi, anakaa upande wa pili akimtazama, na kila pigo lake linaingia kwenye pengo kati ya mapigo mawili ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya mwisho, vile vyenye sauti nyembamba. Wakianza kwa kasi, sikio linasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anaoupiga. Hauko kwenye mikono ya omunazi, hauko kwa omwawuzi. Uko katikati. Sasa mwambie omunazi aende arekodi peke yake. Atakupa nusu ya kitu, na hiyo nusu hata mama yake hataitambua.

Muziki huo ulikuwa na nyumba yake, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliivamia. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Watu wanaokimbia hawabebi marimba. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa ukurasa huu.

Kilichosaidia ni kanda ambazo hakuna aliyezitengeneza ili ziuzwe. Klaus Wachsmann, aliyezaliwa Berlin, aliikimbia Ujerumani ya Wanazi miaka ya 1930 akaishia Uganda. Ndiyo, mkimbizi. Kuanzia 1948 alikuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, lile la Kamwokya ambalo tunalipita kwa taksi bila kugeuka. Alizunguka nchi na mashine yake akirekodi waimbaji, wapiga zeze, wapiga filimbi, watu wa ikulu na watu wa vijijini. Kanda zilikwenda kukaa London, na baada ya miaka mingi nakala zikarudi Makerere, ambako hifadhi ya sauti imepewa jina lake. Kwa hiyo sehemu ya sauti za Uganda kabla ya 1966 ilihifadhiwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa amefukuzwa kwao. Hatusemi alikuwa mtakatifu. Kanda kukaa Ulaya miaka yote ile ni jambo la kuuliza. Lakini zipo.

Upande mwingine wa mji walikuwapo watu wa kadongo kamu, jina ambalo maana yake ni kagitaa kamoja. Fred Masagazi miaka ya 1960, Paul Kafeero baadaye mpaka alipofariki 2007. Mtu mmoja, gitaa moja, kisa kirefu. Kampala basi ilikuwa na vyote viwili kabla yetu: wimbo usiowezekana bila wenzako, na wimbo usiohitaji mwenzako.

Turukie sasa miaka yetu. Kaskazini ya Uganda, wakati wa vita vya Kony na baada yake, Waacholi walikuwa wamesukumwa kwenye kambi na umaskini ulikuwa mkubwa. Kukodi kundi zima la ngoma kwa harusi ilikuwa gharama. Ndipo watu kama Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng wakachukua mwendo wa ngoma za harusi wakauingiza kwenye kompyuta. Wakapata muziki wa kasi ajabu, vinanda vya umeme vinakimbia, sauti ya mtu juu. Ulaya wameuita muziki wa majaribio. Gulu waliuita harusi. Nyimbo zile zilizunguka huko miaka kadhaa kabla ya kukusanywa kwenye albamu ya Gulu City Anthems mwaka 2017.

Waliozikusanya ni Nyege Nyege Tapes wa Kampala. (Tunajua, tunajua. Kwa Kiswahili jina hilo halitamkwi mbele ya mama mkwe. Wao wanasema limetoka kwenye Kiganda, ile hamu ya ghafla ya kucheza. Mwaka 2018 waziri wa maadili alijaribu kulizuia tamasha lao, na tunahisi jina lilichangia.) Watu wawili kutoka Ulaya, Arlen Dilsizian na Derek Debru, walianza na pati za usiku mjini, mwaka 2015 wakafanya tamasha Jinja kando ya Nile, na 2016 wakaanza kutoa kanda. Kaseti kabisa, zile za kuzungushia kalamu. Mwaka 2017 walitoa Sounds of Sisso, singeli ya Dar es Salaam, ambayo huko kwao ilikuwa ikitembea kwa memori kadi na kwenye vigodoro vya mtaani. Mwaka 2018 wakaongeza lebo ya pili, Hakuna Kulala. Jina la Kiswahili, na ukiishi Kabalagala hupati shida kulielewa.

Kwenye Hakuna Kulala yumo Rey Sapienz, kaka yetu wa mashariki ya Kongo. Alikuja Kampala kwa ajili ya muziki, vita vikawaka tena nyumbani, akabaki. Mwaka 2021 alitoa Na Zala Zala pamoja na kundi alilolipa jina Congo Techno Ensemble, ambamo wamo Fresh Dougis na Papalas Palata. Angalieni jalada lake: jina la mtu kwanza, halafu jina la kundi, yote mawili. Hakumficha mtu ndani ya kundi na hakulificha kundi nyuma ya mtu. Muziki wenyewe ni mgumu kumeza, ndombolo iliyopondwapondwa na mashine, na vita vimo ndani. Baadhi yetu hatukuumaliza siku ya kwanza.

Kutoka Nairobi alikuja Slikback, akatoa Lasakaneku kwenye lebo hiyo 2018. Baadaye akachukua njia yake: kazi moja baada ya nyingine, anaziweka mtandaoni mwenyewe, mara nyingi unalipa unachoweza. Huyo hakusubiri mtu ampangie tarehe. Ukitaka miksitepu ya Afrika Mashariki, iko pale.

Halafu Nihiloxica. Hili ni kundi la Kampala, wapiga ngoma kutoka Nilotika Cultural Ensemble pamoja na Waingereza wawili wa mashine. Empuunyi, engalabi, ngoma za Buganda zile zile, lakini chini yake kuna sauti ya umeme inayotisha. Albamu yao ya 2020 inaitwa Kaloli, yule ndege mkubwa wa kichwa na shingo ya kunyonyoka anayesimama juu ya takataka zetu kama mwenye nyumba. Ile ya 2023, Source of Denial, wameijenga juu ya hasira ya viza za Uingereza: fomu, kusubiri, kukataliwa. Tusidanganyane, ukiipiga kwenye spika Katwe mtu atakuuliza kama umeme umeharibika. Lakini mtu aliyewahi kukaa tangu saa kumi na mbili asubuhi kwenye mstari wa kusubiri karatasi ataisikia vizuri. Na sikilizeni zile ngoma: mmoja anajaza pengo la mwenzake. Ni hesabu ya amadinda. Ndiyo maana kwetu neno "majaribio" linachekesha kidogo. Jaribio liko wapi? Mtoto wa Mengo alilizaliwa ndani yake.

Lakini mfano uliotufanya tunyamaze ni Fulu Miziki. Hawa ni wa Kinshasa, jina lao kwa Kilingala ni muziki wa takataka. Mwanzilishi ni Pisko Crane, mtu wa kuokota mabomba ya plastiki, makopo na vyuma chakavu akavifanya ala. Kundi likajulikana duniani, kisha likagawanyika. Mwaka 2022 wanachama walitoa Ngbaka kwa jina la Fulu Miziki kupitia lebo ya London. Mwaka 2023 lebo ya Kampala ikatoa albamu ya mwanzilishi, na jina lililoandikwa juu yake ni refu hivi: Lady Aicha & Pisko Crane's Original Fulu Miziki of Kinshasa. Soma tena pole pole. Mtu aliyeanzisha kundi analazimika kuongeza neno la kusema "sisi ndio wa asili", na jina lake, na jina la mji, ili msikilizaji ajue ni nani anapiga. Pande zote mbili muziki wao ni mzuri, na hatuingii kwenye ugomvi usio wetu. Tunachotaka muone ni uzito wa lile jina. Ala zilikuwa makopo, yanapatikana kila jaa. Jina lilikuwa moja tu.

Sasa sisi. Makundi yetu hayagawanyiki kwa ugomvi wa pesa, pesa hakuna. Yanagawanyika kwa simu. Asubuhi moja mtu anaitwa, safari yake ya kwenda nchi ya tatu imeiva, wiki chache baadaye yuko Kanada au Marekani kwenye theluji. Kundi moja la wenzetu lilikuwa na vijana sita na nyimbo tisa. Aliyeondoka ndiye aliyefungua akaunti ya YouTube kwa namba yake ya Uganda. Laini ikafa, neno la siri likafa nayo. Nyimbo ziko pale, tunaziona, hakuna anayeweza kuingia. Jina la kundi liko pale, na wale watano waliobaki hawawezi kuongeza hata picha. Wakianza ukurasa mpya watu wanawauliza, ninyi ndio wale wa kweli? Tumeshajua jibu la Kinshasa kwa swali hilo.

Na kuna la pili. Shirika moja, hatulitaji, lilichukua wimbo wa dada mmoja aliourekodi peke yake chumbani kwa simu, likauweka kwenye video ya siku ya wakimbizi. Mwishoni paliandikwa tu "muziki: vijana wakimbizi". Tuliuliza. Tukajibiwa kwa upole kwamba wimbo ulikuwa haujatoka rasmi, hivyo walidhani hauna mwenyewe. Yule dada hakulia wala hakupiga kelele. Aliacha tu kurekodi kwa muda mrefu.

Basi hapa tunasema na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, kwa heshima. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 haingoji wimbo utoke rasmi. Kazi ikishakuwa yako mwenyewe na ikawa imewekwa mahali pa kusikika au kusomeka, inalindwa bila kupitia ofisi yoyote. Kuandikisha kunasaidia kama ushahidi, lakini si kuandikisha kunakoizaa haki. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule mnaoujua kuliko sisi, ibara yake ya 14 inasema mkimbizi apate ulinzi wa kazi zake za sanaa sawa na raia wa nchi anamoishi. Watu wanakumbuka ibara ya 33 ya kutorudishwa, na ni sawa, hiyo ndiyo inayotuweka hai. Ya 14 haijulikani. Waliokaa kuandika mkataba, miaka michache baada ya vita vya dunia, waliona ni vema kuandika kwamba mtu aliyepoteza nchi bado anaweza kuwa na wimbo wake.

Kuhusu kazi kupotea, kuna kisa cha Wakaliga, hapa hapa Kampala, ambacho wapenda sinema wanakijua. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwenye kompyuta aliyounganisha mwenyewe. Nafasi ikaisha, akafuta faili ili apate pa kutengenezea sinema nyingine. Iliyobaki, ambayo mamilioni wameitazama, ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie akipiga kelele na kutania juu yake, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video. Nakala ya pembeni ndiyo ikawa sinema. Ile safi haipo tena duniani.

Tulipofika hapo, ubishi wa dada zetu ulikuwa umegeuka kazi. Tumenunua daftari moja, yale ya kurasa 96. Kila wimbo tunaoupata tunauandikia mstari: nani aliimba, nani alitengeneza biti, nani alipiga gitaa, ulirekodiwa mtaa gani, mwaka gani, kwa jina la kundi au kwa jina la mtu. Mtu akiwa na majina mawili tunayaandika yote mawili. Akaunti za makundi sasa zinafunguliwa kwa barua pepe ambayo watu watatu wanaijua, si kwa namba ya mtu mmoja. Nakala zinakaa kwenye flashi mbili, moja Nsambya, moja Makindye. Mpaka jana daftari lilikuwa na nyimbo 41, na 17 kati yake ni za mtu mmoja mmoja ambazo kundi lake halikuwahi kuzisikia. Kuna moja ya Kinyabwisha, dakika nane, sauti ya mvua kwenye mabati haiishi mwanzo mpaka mwisho. Hatutaki mtu aisafishe.

Mwenye simu ya zamani yenye nyimbo za 2016 mpaka 2020, hata kama kioo kimepasuka, alete Jumamosi saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Chaja tutatafuta. Mlioko nje, Kanada, Australia, Marekani, tumeni tu kwa WhatsApp, lakini itumeni kama faili, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unaipunguza. Na mkituma, andikeni majina ya wote waliokuwamo chumbani siku ile, pamoja na yule aliyekuwa anashika mlango watoto wasiingie.